Plastiki Ileile, Nguvu Nyingine

Chukua mfuko mwembamba wa polietilini, kata ukanda wa upana wa kidole, shika ncha zote mbili kisha uvute taratibu. Mwanzoni ukanda utanyooka kidogo kidogo. Halafu ghafla sehemu moja itasinyaa na kuwa kiuno chembamba, na kiuno hicho kitaanza kutambaa kuelekea mikononi mwako, kikimeza sehemu ambazo bado hazijavutika. Endelea mpaka ukanda wote umegeuka kiuno. Vuta tena sasa. Ule ulegevu haupo. Ukanda utaanza kukuumiza vidole kabla wenyewe haujakatika. Uzito wake haujabadilika, kemia yake ni ileile, wala hukuuchanganya na kitu. Kisha jaribu kuuchana kwa urefu wake: ukucha mmoja unatosha.

Majaribio hayo mawili yanatosha kueleza furaha na kero za taaluma nzima ambayo nimekuwa nikiifuatilia kwa muda mrefu, ile ya kuipa plastiki nguvu ingali yabisi, bila kuiyeyusha na bila kuitia kitu. Viwandani, plastiki ikionekana dhaifu, jibu la kwanza huwa kuongeza: nyuzi za kioo, unga wa talki, kaboni. Sibezi mbinu hizo, zimo ndani ya magari mengi ya dunia. Lakini mchanganyiko wa plastiki na kioo ni mzigo kwa anayetaka kuirejeleza, na nyuzi za kioo husaga chuma cha mashine zinazoupitisha. Moyo wangu uko kwa mbinu zinazofanya kazi kwa mpangilio peke yake.

Na mpangilio huo una akiba kubwa kuliko watu wanavyodhani. Polietilini ngumu ya kawaida, ile ya madumu na mabomba, ina ukakamavu, yaani ukaidi wa kukataa kunyooshwa, wa takriban gigapaskali 1 (kipimo cha ukaidi huo). Chuma cha pua kina karibu 200. Hapo ungeweza kusema plastiki ni plastiki tu, tusiitarajie mengi. Lakini ukikokotoa ukakamavu wa mnyororo mmoja wa polietilini ulionyooka sawasawa, ukiuvuta kwa urefu wake, unapata zaidi ya gigapaskali 200. Yaani ndani ya dumu la maji kuna vifungo vya kaboni vyenye uwezo wa kushindana na chuma, ila vimelala ovyo na mzigo hauvifikii.

Kwa nini hauvifikii? Mwaka 1957 Andrew Keller, aliyekuwa akifanya kazi Bristol nchini Uingereza, alionyesha kwamba minyororo ya polietilini inapotengeneza fuwele haijipangi imenyooka. Inajikunja huku na huku ndani ya bamba jembamba lenye unene wa nanomita kumi hivi. Plastiki iliyoganda kutoka kwenye hali ya kuyeyuka ni rundo la mabamba hayo, na katikati yake ni minyororo iliyosokotana bila utaratibu. Ukiivuta, mzigo haubebwi na vifungo imara vya kaboni kwa kaboni. Unabebwa na mvutano hafifu kati ya mnyororo na jirani yake, pamoja na ile minyororo michache iliyobahatika kuanzia kwenye bamba moja na kuishia kwenye jingine. Hii michache ndiyo inayoamua. Ukiweza kuyafumua mabamba na kuigeuza mikunjo iwe minyororo mirefu inayovuka kutoka bamba hadi bamba, umeshaibadilisha plastiki hata kama mizani haioni tofauti.

Kuvuta kulijulikana mapema. Mwaka 1930 Julian Hill, katika maabara ya Wallace Carothers huko DuPont, kampuni ya kemikali ya Marekani, alichovya kijiti kwenye poliesta iliyoyeyuka, akatoa uzi, akagundua kwamba uzi huo ukishapoa unaweza kuvutwa tena mara kadhaa ya urefu wake na kuwa imara kupita kiasi. Nailoni iliyofuata mwaka 1935 isingekuwa na maana yoyote bila hatua hiyo ya kuvuta baridi. Baadaye, katika miaka ya 1970, Ian Ward na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leeds waliivuta polietilini kwa uangalifu mkubwa wa joto na mwendo mpaka wakafikia gigapaskali 70 hivi. Mwishoni mwa muongo huohuo Paul Smith na Piet Lemstra, wakiwa kwenye kampuni ya DSM nchini Uholanzi, walichukua polietilini yenye minyororo mirefu kupindukia, wakaiyeyusha kwenye kiyeyushi ili isisokotane mno, kisha wakaivuta. Nyuzi zilizozaliwa na mbinu hiyo zinavuka gigapaskali 100 na ndizo zinazotumika leo kwenye kamba za meli na fulana za kuzuia risasi.

Lakini angalia tunachokipata: uzi, utepe, utando. Kila unapoivuta plastiki mara kumi ya urefu wake, eneo lake la mkato linabaki sehemu moja ya kumi. Kwa mtu wa kamba hilo ni jema. Mwenye haja ya gia, beringi, au kipande kinene cha kuchonga kwenye lathe hawezi kufanya chochote na uzi.

Wazo la kwanza lilikuwa kuisukuma badala ya kuivuta. Unachukua mche mnene wa plastiki, unaupasha joto chini kidogo ya kiwango cha kuyeyuka, unausukuma kwa pistoni kupitia kalibu yenye tundu linalosinyaa. Kwa polietilini kuna dirisha zuri: kuanzia kama nyuzi 80 za Selsiasi minyororo ndani ya fuwele hupata uhuru wa kuteleza kwa urefu wake, na kuyeyuka kunakuja karibu na 130. Katikati ya hapo plastiki ni yabisi inayokubali kubembelezwa. Roger Porter na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, walifanya hivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na wakatoa fimbo nyembamba zenye uangavu. Polietilini ya kawaida ni nyeupe kwa sababu mabamba yake hutawanya mwanga, kwa hiyo ule uangavu pekee ulikuwa habari tosha kwamba ndani kumepangika upya.

Shida ni kwamba kadiri plastiki inavyojipanga ndivyo inavyokataa kusukumwa. Shinikizo linapanda, na shinikizo lenyewe linaibana minyororo isiteleze, hivyo unahitaji shinikizo zaidi. Mwendo unashuka hadi milimita chache kwa dakika. Watu wa Leeds walijaribu kuuzungushia mche kimiminika chenye shinikizo ili kupunguza msuguano wa kuta. Baadaye wakaamua kusaidia kwa kuvuta upande wa kutokea, kalibu ikiwa ya moto, na hilo likawa afadhali sana. Bado, hata ukifaulu, unene umepungua. Ulianza na gogo ukamaliza na fimbo.

Hapa ndipo mserereko unapoingia, na hapa ndipo penye utamu wangu.

Mapema katika miaka ya 1970, huko Minsk, Belarus, Vladimir Segal alikuwa akitafuta njia ya kuupa mche wa metali mageuzi makubwa ya ndani bila kubadilisha umbo lake la nje. Alichonga mifereji miwili yenye upana uleule inayokutana kwa pembe, kama kiwiko cha bomba lakini chenye kona kali. Mche unaingia juu, unafika kwenye kona, unatokea pembeni ukiwa na unene uleule ulioingia nao. Kilichotokea kwenye kona ni kama kuisukuma kwa kiganja bunda la karata lililo mezani mpaka lilale mshazari: kila karata imeteleza kidogo juu ya mwenzake. Kuteleza huko kwa tabaka juu ya tabaka ndiko ninakokuita mserereko. Kwa kuwa unene haujapungua, unaweza kuurudisha mche mwanzo wa mfereji na kuupitisha tena, na tena.

Hesabu yake ni fupi na inapendeza. Kwa kona kali ya nyuzi 90, kila mpito unatoa mserereko wa 2, maana yake tabaka la juu limesogea mara mbili ya kimo kinacholitenganisha na la chini. Ukiuliza mserereko huo unalingana na mvuto wa kiasi gani, jibu ni mara 2.4 hivi katika mwelekeo ule ulionyooka zaidi, na mwelekeo huo umelala nyuzi 22 na nusu kutoka kwenye mstari wa mserereko. Mipito mitano ya upande mmoja inajumlika kuwa mserereko wa 10, sawa na mvuto wa mara kumi, na pembe inashuka chini ya nyuzi 6. Mvuto wa mara kumi bila kupoteza unene hata milimita moja! Nilipoifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza niliirudia, maana ilionekana kama mtu ananiuzia mbuzi kwenye gunia.

Kwa metali, shabaha ya mbinu hii ni kusaga chembe za fuwele ziwe ndogo sana, na Ruslan Valiev wa Ufa, Urusi, ndiye aliyeifanya ijulikane dunia nzima kuanzia miaka ya 1990. Plastiki haina chembe za namna hiyo. Kinachobadilika ni mwelekeo wa minyororo, hali ya yale mabamba, na idadi ya minyororo inayovuka kati yao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Hung-Jue Sue na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walianza kuchapisha kazi zao za kupitisha polietilini na polikaboneti, plastiki ngumu na angavu, kwenye kona hiyo, na polikaboneti iliyopitishwa ilionyesha ustahimilivu bora zaidi dhidi ya kishindo.

Hapo linazuka swali la jinsi ya kuuzungusha mche kati ya mpito na mpito, nalo si dogo. Usipouzungusha, mserereko unajumlika. Ukiugeuza nusu duara, mpito wa pili unaufuta wa kwanza: umbo linarudi, na sehemu kubwa ya mpangilio inarudi nalo. Kwenye metali hilo halina ubaya mkubwa, chembe zimeshasagika. Kwenye plastiki umejichosha. Ukiugeuza robo duara, mserereko unaangukia uso mwingine na minyororo inaanza kujipanga katika zaidi ya mwelekeo mmoja. Viktor Beloshenko na wenzake, watafiti wa Donetsk nchini Ukraine, walilisukuma wazo hili mbali zaidi. Badala ya kona moja walitengeneza mfereji wenye kona kadhaa, katika nyuso tofauti, ili mpito mmoja ulimbikize mserereko mwingi kutoka pande mbalimbali. Wamejaribu nailoni, polietilini yenye minyororo mirefu, na nyinginezo. Wanachokitafuta ni mtandao wa nyuzinyuzi zinazopishana ndani ya kipande kinene, ili nguvu ipatikane bila ule mchaniko wa ukucha tulioanza nao.

Kwa maoni yangu hicho ndicho kitu cha maana kuliko vyote katika habari hii. Kufikia gigapaskali nyingi kwa upande mmoja tulishajua tangu enzi za Leeds. Utepe wa polipropilini wa kufungia maboksi umevutwa hivyo, ndiyo maana unabeba mzigo mkubwa na bado unapasuka kwa urefu kama muwa mkavu. Kupata nguvu ya wastani katika pande zote mbili au tatu, ndani ya mwili mnene, bila kitu cha kigeni, hilo ndilo ambalo kuvuta peke yake hakuwezi kulitoa.

Sasa kero. Ya kwanza ni joto. Kuigeuza plastiki ingali yabisi kunagharimu kazi, na kazi hiyo karibu yote inageuka joto palepale kwenye kona. Nimekokotoa kwa makadirio ya kawaida: polietilini ngumu inayokubali kugeuka kwa mkazo wa megapaskali 25 itapanda kama nyuzi 15 kwa mpito mmoja. Polikaboneti, inayodai megapaskali 60 na ushei, itapanda karibu nyuzi 50. Hapo sijahesabu msuguano wa kuta. Metali ingelitawanya joto hilo mara moja. Plastiki ni kipitishi kibaya cha joto, polietilini ikiwa duni kuliko chuma kwa karibu mara mia. Ukienda haraka, moyo wa mche unalainika na mpangilio ulioutafuta unajifuta ukiwa bado ndani ya mashine. Ukienda polepole, kiwanda kinalala. Sijaona hila ya kuikwepa hesabu hii, na kila ninaposoma madai ya mwendo mkubwa huwa natafuta kwanza wameandika joto la wapi, la kalibu au la katikati ya mche.

Kero ya pili ni kumbukumbu. Mnyororo ulionyooshwa hauko katika hali unayoipenda. Umeshikiliwa tu na majirani walioganda. Mimina maji yanayochemka kwenye chupa nyepesi ya soda: mwili wake, uliovutwa pande mbili wakati wa kupulizwa, utajikunyata, ilhali shingo, ambayo haikuvutwa, haitajikunyata hivyo. Plastiki zisizo na fuwele zina kumbukumbu kali zaidi. Polikaboneti iliyosererekeshwa kwenye kona, ukiipasha kupita nyuzi 147 inakolegea, itajitahidi kurudi kwenye umbo ililozaliwa nalo. Polietilini ina nafuu kwa sababu fuwele mpya huushika mpangilio, lakini nayo ikikaribia kuyeyuka inajikunyata. Kwa hiyo kila nguvu ya namna hii ina kikomo cha joto, na kikomo hicho kinapaswa kuandikwa pembeni ya kila takwimu.

Kuna na kioja kingine ambacho mimi hukipenda mno. Polistaireni, ile ngumu yenye kukatika ghafla, ukiipitisha baridi kati ya roli mbili hupoteza ukatikaji wake. Inanyooka badala ya kupasuka. Mserereko umeisahaulisha uzee: plastiki za aina hii huzeeka kwa minyororo kujibana taratibu, na mageuzi ya nguvu huurudisha nyuma mchakato huo. Watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, waliofuatilia jambo hili walionyesha kwamba kwa polistaireni ujana huo hudumu dakika chache tu. Polikaboneti hukaa nao muda mrefu zaidi, kwa miezi. Kwa hiyo ukikutana na matokeo mazuri ya plastiki isiyo na fuwele, uliza pia yalipimwa lini baada ya kutoka kwenye mashine.

Kila mvuta kamba huvutia kwake, na ripoti za fani hii nazo zimo. Nguvu imeongezeka maradufu: sawa, lakini kipande cha kupimia kilikatwa kwa mwelekeo upi? Kutoka katikati ya mche au pembeni, ambako msuguano umevuruga kila kitu? Sehemu ya mbele na ya nyuma ya mche huwa hazikupata mserereko sawa na ya katikati, na kwenye mche mfupi wa maabara hizo ni sehemu kubwa. Tena mche hutoka umepinda, kwa sababu upande wa juu na wa chini hazikupitia historia moja. Sisemi watafiti wanadanganya. Nasema asilimia isiyo na mwelekeo, joto na tarehe haina kazi kwa mtu anayetaka kuchonga gia.

Mfano unaonifanya niwe mkali hivi ni nyonga za bandia. Mwaka 1962 John Charnley, daktari wa upasuaji nchini Uingereza, alianza kutumia polietilini yenye minyororo mirefu kupindukia kama kikombe kinachopokea kichwa cha chuma. Kwa miaka mingi majaribio ya maabara yaliyosugua kwa mstari mmoja, kwenda na kurudi, yalionyesha plastiki hiyo haisagiki karibu kabisa, ilhali ndani ya miili ya watu ilisagika. Sababu ilieleweka vizuri miaka ya 1990: msuguano unaipanga minyororo ya juu kwa mwelekeo wa mwendo, na katika mwelekeo huo inakuwa imara kweli. Lakini nyonga haiendi kwa mstari mmoja, inazunguka na kukatiza, na kila inapokatiza inakuta plastiki iliyopangwa upande mmoja na kudhoofika upande mwingine. Inaichana, kama ukucha kwenye ukanda wa mfuko. Tiba iliyokuja baadaye ilikuwa kuifunga minyororo pamoja kwa mionzi.

Ndiyo maana naona mserereko wa pande nyingi una nafasi yake hasa hapo, kwenye plastiki hiyohiyo ya minyororo mirefu. Haitiririki hata ikiyeyuka, kwa hiyo haipulizwi wala haidungwi kwenye kalibu kama nyingine. Viwanda huikandamiza iwe mabamba, au huisukuma kwa pistoni iwe fimbo ndefu, kazi ambayo tayari ni ya mwendo wa kobe. Bidhaa yake ni magogo na mabamba ya kuchongwa, hasa umbo ambalo kona ya Segal inalihifadhi. Fimbo inatoka ikiwa ya moto na inapoa njiani, ikipita lile dirisha la kati ya nyuzi 130 na 80 bila mtu kuliomba. Kuiwekea kona mbili au tatu mahali hapo ni jambo la shinikizo la ziada na chuma kizito zaidi cha kalibu, bila kuongeza tanuri wala kubadilisha mwendo. Wa kwanza atakayefanya hivyo kwa fimbo ndefu ya kiwandani, akakata vipande vya kupimia kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, akavisugua kwa kukatiza, kisha akavirudia baada ya kuvichemsha, nitasoma takwimu zake zote, hata zile mbaya.